Masomo ya Usimamizi wa Miradi: Kazi Ipi Itangulie?

Kila mwenye kalamu na karatasi aziweke karibu, maana leo tutachora. Asiye na karatasi achukue kijiti achore mchangani. Hesabu ni ile ile.

Kabla ya kuanza nataka niwasomee habari ya barua moja. Ameandika mama mmoja ambaye kwa miaka saba amekuwa akisimamia miradi ya maji vijijini. Anasema amejinyima, akalipa ada ya mtihani wa wasimamizi wa miradi kwa fedha zake mwenyewe, akasoma kitabu kizima mara mbili, tena akakariri maana za maneno yote magumu, na juu ya hayo yote ameshindwa. Anauliza kama Kiingereza chake ndicho kilichomwangusha, au kama umri umempita. Mwishoni anasema hajui kama ajaribu tena au fedha iliyobaki ailipie karo ya mtoto.

Mama, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu mimi pia mara ya kwanza nilishindwa mtihani huo huo. Nami nilikuwa nimekariri. Leo nitakueleza jinsi nilivyoona kosa langu, na wenzako watasikiliza pamoja nawe.

Kwanza tuseme mtihani wenyewe ni upi. Ziko shahada nyingi za kazi hii. Waingereza wana ile iitwayo PRINCE2, iliyotolewa mwaka 1996. Lakini inayotafutwa zaidi na watu wetu ni PMP, ya chama kiitwacho Project Management Institute, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1969. Mtihani wake wa kwanza ulifanywa mwaka 1984. Kwa utaratibu ulioanza Januari 2021, mtahiniwa alipewa maswali 180 na dakika 230. Gawanyeni wenyewe: ni sekunde 76 hivi kwa kila swali, kusoma na kujibu. Katika hayo 180, maswali 5 yalikuwa ya majaribio tu, hayakuhesabiwa, ila hukuambiwa ni yapi. Jibu lenye makosa halipunguzi alama, kwa hiyo mtu asiache swali wazi hata kama hajui kitu. Kwa utaratibu huo huo, mwenye digrii ya miaka minne alitakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36, na mwenye cheti cha sekondari au diploma miezi 60, na wote wawe wamesoma masomo ya usimamizi kwa saa 35. Kijana ambaye hajapata kuongoza mradi wowote alitengewa mtihani mdogo uitwao CAPM. Utaratibu huu hubadilishwa kila baada ya miaka michache, basi kabla ya kulipa hata senti, soma muhtasari mpya wa chama chenyewe. Usitegemee maneno ya mtu aliyeufanya zamani, na mimi nikiwamo.

Sasa kalamu mikononi. Tutajenga shule. Nimechagua shule kwa sababu hakuna kata ambayo haijapata kujenga darasa kwa nguvu za wananchi, na kila mmoja wenu anajua tofali ni nini. Madarasa mawili, ya matofali ya kuchoma, yenye paa la bati.

Andikeni kazi hizi, moja chini ya nyingine, na idadi ya siku pembeni. Kusafisha kiwanja na kuchimba msingi, siku 6. Kujenga msingi wenyewe, siku 8. Kufyatua matofali, kuyakausha na kuyachoma, siku 21. Kuagiza mbao na mabati mjini mpaka yafike, siku 30. Kupandisha kuta, siku 14. Kupaua na kuezeka, siku 7. Kupiga lipu na kutia sakafu, siku 10. Kutengeneza madawati kwa seremala, siku 25. Na kuyaingiza madawati darasani, siku 1.

Mkizijumlisha zote mtapata siku 122. Lakini hakuna mtu mwenye akili atakayesema jengo litachukua siku 122, kwa kuwa tanuru la matofali linaweza kuwaka huku msingi unachimbwa, na seremala anaweza kuranda mbao zake huku lori la mabati liko njiani. Basi litachukua siku ngapi? Hapo ndipo somo lilipo.

Kwa kila kazi jiulize neno moja tu: ni kazi ipi lazima iwe imekwisha kabla hii haijaanza? Msingi haujengwi kabla haujachimbwa. Kuta hazipandi mpaka msingi uwe tayari na matofali yawe yamechomwa. Vyote viwili, si kimoja. Paa halipandi mpaka kuta ziishe na mabati yawe yamefika. Lipu na sakafu hufuata paa. Madawati huingia sakafu ikiwa imekwisha na seremala amemaliza. Sasa chora duara kwa kila kazi, na mshale kutoka kazi inayotangulia kwenda kazi inayofuata.

Tufuate mishale. Kuchimba huisha siku ya 6, na msingi huisha siku ya 14. Matofali huisha siku ya 21. Kuta haziwezi kuanza siku ya 14, kwa sababu zinangoja matofali. Zitaanza baada ya siku ya 21 na kwisha siku ya 35. Mabati yamefika tangu siku ya 30, lakini yatalala ghalani yakingoja kuta. Paa litaanza baada ya siku ya 35 na kwisha siku ya 42. Lipu na sakafu, siku ya 52. Madawati yataingia siku ya 53. Basi jengo letu ni la siku 53.

Tazameni ni kazi zipi zilizotufikisha hapo: matofali, kuta, paa, lipu na madawati kuingia. 21, na 14, na 7, na 10, na 1. Hiyo ndiyo njia ndefu kuliko zote katika mchoro, na wataalamu huihesabu kuwa uti wa mgongo wa mradi. Kazi yoyote iliyo katika njia hiyo ikichelewa siku moja, jengo zima limechelewa siku moja. Kazi zilizo nje yake zina siku za akiba. Mabati yanatakiwa siku ya 35, nayo yanafika siku ya 30: akiba ni siku 5. Msingi unatakiwa siku ya 21, nao unaisha siku ya 14: akiba ni siku 7. Seremala wa madawati anahitajiwa siku ya 52 na amemaliza siku ya 25, kwa hiyo anaweza kwenda harusini akarudi.

Tafadhali angalieni jambo moja linalowapoteza wengi. Kazi iliyo ndefu kuliko zote katika orodha yetu ni ya mabati, siku 30. Msimamizi mgeni ataishughulikia hiyo mchana na usiku, atapiga simu mjini kila asubuhi. Lakini mabati hayamo katika njia ndefu. Yaliyomo ni matofali, ya siku 21, ambayo hakuna anayeyatia wasiwasi kwa kuwa yako hapo hapo kijijini.

Hesabu hii haikuanzia darasani. Ilitokana na haja ya kazi. Mwaka 1957 kampuni ya madawa ya viwandani ya DuPont huko Marekani ilitaka kujua namna ya kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda vyake. Mhandisi wake Morgan Walker akashirikiana na James Kelley wa kampuni ya mashine za hesabu ya Remington Rand, wakaitengeneza njia hii. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likatengeneza njia inayofanana nayo kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris. Kabla yao Henry Gantt alikuwa amekwisha eneza chati zake za mistari, ambazo hata leo zimebandikwa katika kuta za ofisi nyingi. Chati ya Gantt hukuonyesha kila kazi inaanza lini na inaisha lini. Lakini ukiichora kwa mistari mitupu, bila mishale, haikuambii ni ipi inayomshika mwenzake mkono.

Sasa nirudi kwenye kosa langu, kwa sababu niliahidi.

Kabla sijafanya mtihani nilipewa kazi ya kusimamia ujenzi wa madarasa katika kata moja ambayo sitaitaja. Shule ilitakiwa iwe tayari kabla ya muhula kufunguliwa. Nikaona tutachelewa. Nikafanya kama wafanyavyo wengi: nikaenda pale penye watu wengi na kelele nyingi, yaani kwenye msingi, nikawaongezea vibarua posho ili wafanye kazi mpaka jioni. Fedha hizo zilikuwa michango ya wazazi. Vibarua walifanya kazi kwa bidii, siwalaumu. Wakamaliza siku nne kabla ya wakati. Nikaandika barua kwa wakubwa kwamba kazi inakwenda kwa kasi.

Wakati ule tanuru la matofali lilikuwa bado halijawashwa. Msingi ukakaa pale, mzuri kabisa, umenyooka, mbuzi wakawa wanapanda juu yake kuota jua. Jengo halikuisha mapema hata kwa saa moja. Muhula ulipofunguliwa, watoto wa darasa la kwanza walikaa chini ya mwembe kwa wiki tatu, na mvua ilipokuja walirudishwa nyumbani. Mzazi mmoja, mzee wa makamo, aliniuliza mbele ya watu, "Bwana Elimu, ile nyongeza uliyowapa watu wa msingi imetununulia nini?" Sikuwa na jibu.

La ajabu ni kwamba miezi michache baadaye niliingia katika mtihani nikiwa nimekariri maana ya njia ndefu kwa Kiingereza, neno kwa neno. Ningeweza kuisema nikiwa usingizini. Lakini swali lilipokuja halikuniuliza maana. Lilinieleza habari ya mradi fulani, likasema kazi fulani imechelewa siku kadhaa, msimamizi afanye nini. Sikutambua kwamba ni hadithi ya msingi wangu na mbuzi wangu. Nilijibu kama nilivyofanya kule kijijini: ongeza watu mahali pa kelele.

Basi, mama, sidhani kuwa ni Kiingereza wala umri. Maswali mengi ya mtihani huu hayakuulizi kitu ni nini. Yanakuweka mahali pa kazi, mambo yameharibika, na yanakuuliza utafanya nini kwanza.

Tujaribu pamoja. Rudini kwenye mchoro wetu. Mwenye duka la mabati analeta habari kwamba atachelewa siku 8. Jengo litachelewa siku ngapi? Nyamazeni kidogo mfikiri.

Aliyesema 8 amejibu kwa haraka. Mabati yatafika siku ya 38 badala ya 30. Kuta zinaisha siku ya 35. Paa litaanza baada ya siku ya 38, kwa hiyo tumechelewa siku 3 tu. Siku 5 zimemezwa na akiba. Jengo litaisha siku ya 56. Tena, njia ndefu imehama. Sasa ni ya mabati, paa, lipu na madawati, na matofali yamepata siku 3 za kupumua. Kwa hiyo aliyechora mchoro mwanzoni akaubandika ukutani asiutazame tena, ana picha ya mradi mwingine.

Swali la pili. Tuache habari ya kuchelewa. Mabati yanafika siku ya 30 kama kawaida. Mwalimu mkuu ana fedha kidogo za kuharakisha kazi. Fundi wa matofali anasema akiongezewa watu atamaliza kwa siku 15 badala ya 21. Je, tulipe ili tupate siku 6? Hesabuni. Matofali siku ya 15, msingi ulikuwa tayari siku ya 14, kuta zitaisha siku ya 29. Lakini mabati yanafika siku ya 30. Paa litangoja siku moja. Jengo litaisha siku ya 48. Tumelipia siku 6, tumepata 5. Msimamizi mwenye mchoro atamwambia fundi, "Nimalizie kwa siku 16, na unipunguzie bei." Huko ndiko kulinda fedha za wazazi, na katika mtihani huko ndiko kupata alama.

Sasa juu ya namna ya kujiandaa. Nitasema machache. Msisome peke yenu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wa Tanzania walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, mmoja akaongoza, wote wakazungumza waliyosikia kisha wakaenda kuchimba vyoo. Fanyeni hivyo hivyo: watu watano, mara mbili kwa wiki. Kila mmoja alete mradi mmoja anaoujua kweli, kisima, zahanati, josho, hata harusi, na wenzake wauchore na kuuvunja kwa maswali. Mkifika kwenye maswali ya mazoezi, someni mstari wa mwisho kwanza, ule wenye swali lenyewe, kisha rudini kwenye habari. Angalieni sana maneno madogo: lililo bora, la kwanza, linalofuata, isipokuwa. Kwa Kiingereza ni maneno mafupi, na jicho huyaruka. Kisha fikirini kwa Kiswahili kama ndiyo lugha mnayofanyia kazi. Hakuna msimamizi wa mtihani anayesikia mnavyofikiri. Na fanyeni angalau mara mbili mtihani mzima wa majaribio kwa muda wake wote bila kuinuka ila wakati wa mapumziko, maana kuna watu wanaojua kila kitu ambao huchoka katika swali la 120 wakaanza kubahatisha.

Lakini liko jambo ambalo hesabu ya siku haiwezi kulionyesha, nalo huja mara nyingi katika maswali: wakubwa wanataka kazi ianze leo, na jambo la lazima halijachunguzwa. Utafanya nini kwanza? Sisi wa nchi hii hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tunao Kongwa.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kutazama kama karanga zinaweza kulimwa kwa wingi Tanganyika, kwa kuwa Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita. Ujumbe huo ulitumia wiki tisa. Mwaka 1947 mpango ukaanza: zaidi ya ekari milioni tatu zilikusudiwa kulimwa, na katika mwaka wa kwanza ekari 150,000 zilitakiwa kusafishwa Kongwa peke yake. Watu na mashine wakaletwa. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Lakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi huwa mgumu kama sakafu ya saruji, na mvua yake haiaminiki. Wagogo wenyeji walijua ukame wao tangu zamani. Mwaka wa kwanza zilipandwa ekari 7,500 hivi. Januari 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea. Bandari ya maji marefu ya Mtwara, ambayo ilipangwa ili karanga za kusini zipate pa kutokea, ilikamilika mwaka 1954.

Chukueni karatasi ile ile mjichoree mpango wa karanga. Kupima udongo, kupima mvua, kujaribu shamba dogo kwa misimu kadhaa. Halafu kuagiza mashine, kujenga reli na bandari, kusafisha mashamba. Mishale yote inatoka wapi? Inatoka kwenye udongo na mvua. Waliokuwa wakisimamia walikuwa watu wenye elimu kubwa na wengi wao walikuwa na nia njema. Walikuwa na haraka tu, na aliyetaka kazi ianze leo alikuwa mkubwa wao. Mtihani ukikuletea swali la namna hiyo, kati ya majibu manne moja litakuambia uanze kazi upesi, jingine likuambie upeleke malalamiko kwa mkubwa, na jingine ukatae kazi kabisa. Tafuta lile linalosema kwanza uchunguze jambo lenyewe na kuonyesha wakubwa gharama yake kwa hesabu, kisha ndipo uamuzi ufanywe. Mara nyingi utakuwa karibu na ukweli. Nasema mara nyingi, si siku zote. Pakiwa na hatari kwa maisha ya watu, kwanza unasimamisha kazi, uchunguzi baadaye.

Yako pia maswali ya miradi inayopangwa kidogo kidogo, ambayo watu hukubaliana kazi ya wiki mbili, wakaifanya, wakaitazama, ndipo wakapanga wiki mbili nyingine. Katika utaratibu wa mwaka 2021 karibu nusu ya mtihani ilihusu njia hiyo au mchanganyiko wake na ile ya zamani. Nayo nitaifanyia somo lake.

Na mama yetu wa miradi ya maji? Kuhusu karo ya mtoto siwezi kukuamulia. Ninachoweza kukuambia ni hivi: usilipe ada ya mtihani mwezi huu. Chukua miradi mitatu uliyoisimamia kweli, uichore kama tulivyochora shule, pamoja na ule ambao ulikwenda vibaya na usiopenda kuukumbuka. Huo hasa. Ukiweza kueleza kikundi chako mahali mshale uliposahauliwa, hapo ulipe. Miaka saba kazini umekwisha kuwa nayo, na hiyo haipatikani kitabuni.

Kazi ya nyumbani, basi, kwa wote. Mradi ni ule ule wa shule. Mvua imenyesha, na kuta zimechukua siku 18 badala ya 14. Siku ile ile mwenye duka la mabati amesema atachelewa siku 8. Jengo litaisha siku ya ngapi, na yale mabati yametuchelewesha siku ngapi? Zungumzeni kikundini kabla hamjaandika jibu. Tutalisahihisha kipindi kijacho, wakati kama huu. Kwaherini.